Neno Refu Kama Shahidi wa Historia

Nilipokuwa sekondari nchini Uganda, mwanafunzi aliyeweza kutamka neno refu la Kiingereza bila kukwama aliheshimiwa kuliko yule aliyejua maana yake. Mimi nilikariri pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, neno lenye herufi 45, nikawa nalitumia kwenye midahalo kana kwamba ni cheti. Nilipoanza kusoma historia chuoni, tulifundishwa kukiuliza kila chanzo maswali matatu: nani alikiandika, lini, na kwa nini. Katika insha hii nitayauliza maswali hayo kwa maneno matatu marefu ya Kiingereza. Hoja yangu ni kwamba neno refu laweza kuwa shahidi wa historia, lakini herufi zake peke yake hazithibitishi lolote.

Neno la kwanza ni honorificabilitudinitatibus. Lina herufi 27, na wapenzi wa michezo ya maneno hulisifu kwa sababu konsonanti na irabu zinapokezana toka mwanzo hadi mwisho. Asili yake ni Kilatini, na linahusu hali ya kustahili heshima. Shakespeare alilitumia mara moja tu, katika tamthilia ya Love's Labour's Lost iliyochapishwa mwaka 1598, tena kinywani mwa mchekeshaji anayewakejeli wasomi. Mwaka 1910 Edwin Durning-Lawrence alichapisha kitabu akidai kwamba mwandishi halisi wa tamthilia hizo alikuwa Francis Bacon. Ushahidi wake mmoja ulikuwa neno hilo: herufi zake 27 zikipangwa upya hutoa sentensi ya Kilatini isemayo kwamba tamthilia hizi ni watoto wa F. Bacon, waliohifadhiwa kwa ajili ya ulimwengu.

Nilizihesabu herufi hizo mwenyewe, kweli zinatosha. Kinachomkataa Durning-Lawrence ni tarehe. Dante, mshairi wa Italia aliyefariki mwaka 1321, alikwisha kulitaja neno hilo kama mfano wa neno lililozidi urefu, ilhali Bacon alizaliwa mwaka 1561. Mwaka 1957 William na Elizebeth Friedman, wataalamu wa Marekani wa kufumbua maandishi ya siri, walitoa kitabu kizima cha kuchunguza na kupinga madai ya aina hii. Anayepanga herufi bila kanuni kali hupata kile alichokuja kukitafuta.

Neno la pili ni antidisestablishmentarianism, lenye herufi 28. Hili linahusu mgogoro wa kweli. Katika karne ya 19 Waingereza walibishana kama Kanisa la Anglikana liendelee kuwa kanisa rasmi la dola. Waliotaka litenganishwe na dola walishinda Ireland kwa sheria ya mwaka 1869, iliyoanza kutumika Januari 1, 1871. Huko Wales sheria ilipitishwa mwaka 1914, ikaanza kutumika mwaka 1920. England yenyewe imebaki na kanisa lake rasmi hadi leo. Neno hilo linataja msimamo wa wale waliopinga utengano. Ukilivunja viambishi vyake kimoja kimoja, unausoma ubishi wote: kuweka, kuondoa kilichowekwa, kupinga kuondolewa.

Neno la tatu ni lile langu la sekondari. Lilijitokeza hadharani Februari 1935, gazeti la New York Herald Tribune liliporipoti mkutano wa National Puzzlers' League, chama cha wapenzi wa mafumbo ya maneno. Aliyelitoa alikuwa mwenyekiti wao, Everett M. Smith. Lilitungwa ili liwe refu, likapewa maana ya ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi laini la volkano. Hata hivyo, liliingia katika kamusi kubwa za Merriam-Webster. Kinyume chake, antidisestablishmentarianism halijaingizwa na wachapishaji haohao, kwa sababu watu hulitaja kama mfano wa neno refu na ni nadra kulitumia kwa maana yake. Wachimbaji madini wanaougua mapafu kwa vumbi la mawe wana ugonjwa wa kweli, na jina lake ni fupi: silikosisi.

Kabla ya kompyuta, utafutaji wa maneno kama haya ulikuwa kazi ya macho, maana kamusi hupanga maneno kwa herufi ya kwanza. Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilitoa orodha ya A. F. Brown iliyoyapanga pia kuanzia herufi ya mwisho. Mwaka 1973 programu ya grep, iliyoandikwa na Ken Thompson wa Bell Labs, ilikuwa tayari inatumika katika mfumo wa Unix. Unaipa mpangilio wa herufi, nayo inakuonyesha kila mstari wenye mpangilio huo. Kwa njia hiyo mtu hupata mara moja facetious, lenye irabu zote tano kwa mfuatano wake, au uncopyrightable, lenye herufi 15 zisizojirudia. Lakini programu hiyo huyapokea maneno yote kwa usawa. Haikuambii lipi lilizaliwa bungeni na lipi mezani pa wacheza mafumbo.

Kwa kuhitimisha, kutafuta maneno kwa herufi ni mwanzo mzuri wa utafiti, mradi tusiishie hapo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kukumbuka hilo. Neno kama hawatatusomeshea lina herufi 16, na hulipati kwenye kamusi yoyote. Mzazi yeyote hulijenga anapolihitaji, akiwaza karo ya watoto. Hakuna anayempigia makofi kwa urefu wake. Mimi nilipigiwa makofi kwa ugonjwa ambao sikumjua hata mtu mmoja aliyeuugua.