Ng'ambo baada ya Vita: Nani Mwenye Nyumba?

Wengi wetu tukiitaja Zanzibar ya zamani huanza na Mji Mkongwe na milango yake ya nakshi. Lakini Vita vya Pili vilipomalizika mwaka 1945, sehemu kubwa ya watu wa mji walikuwa wakiishi Ng'ambo, upande wa pili wa Darajani, katika nyumba za boriti, udongo na makuti.

Tatizo lilikuwa la zamani kuliko vita. Mjenzi alimiliki kuta na paa tu. Kiwanja kilikuwa cha mwengine, au cha wakfu, na kodi yake haikuwa na mwisho. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa, na serikali ikatunga sheria ya kuizuia isipande. Vita vikazidisha dhiki. Bidhaa za nje ziliadimika, bei zikapanda, na mchele wa Burma ukakatika baada ya Wajapani kuiteka nchi hiyo mwaka 1942. Anayetafuta mchele hana cha kununulia bati.

Serikali, Eric Dutton akiwa Katibu Mkuu, ilipanga kuijenga upya Ng'ambo, na jengo la Raha Leo ni alama ya mipango hiyo. Lakini ukumbi wa mikutano haulazi watu. Mwaka 1948 makuli wa bandarini waligoma kwa sababu ya mishahara na ughali wa maisha, na mgomo ukaenea mjini.

Kwa hivyo, tunapoisoma siasa iliyofuata, tusianzie kwenye vyama na chaguzi pekee. Tuanzie kiwanjani, kwa mtu aliyejenga nyumba juu ya ardhi isiyokuwa yake.