Milimita 35 za Ukambani

Mwaka 1937 afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, R. O. Barnes, alizunguka wilaya ya Machakos akipiga picha za udongo. Siku hizo Machakos ilikuwa imeibeba Makueni yote, na iliendelea kuibeba mpaka 1992. Picha zenyewe ni kilima kilichochubuka, korongo lililopasua malisho, miti ya kuhesabu. Mwaka 1991 watafiti walirudi sehemu zilezile wakapiga tena. Kitabu chao, More People, Less Erosion, kilitoka 1994, na mimi nilikifumania maktaba ya chuo muda mfupi kabla mimi na chuo hatujaachana. Ukurasa unaonyesha kilima kiko uchi, halafu kilima kilekile kimevaa matuta, miti na mabati. Na watu walikuwa wameongezeka, kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Waliokuwa wanasema Wakamba wakizidi udongo utaisha walikosea mahesabu kabisa.

Tangu hapo nimekuwa nikitaka kufanya kazi yangu ya aina hiyo, Mbooni na Kilungu upande wa Makueni, halafu Kitui. Kamera ninayo: Zorki-4 ya Kirusi, renjifainda, yaani huchungulii kupitia lenzi, unachungulia dirisha dogo juu yake na kuoanisha vivuli viwili mpaka viwe kimoja. Lenzi yake ni milimita 50. Sasa kuna jamaa Nairobi anauza Jupiter-12 ya milimita 35, na anataka 20,000. Kwa mtu anayelipwa kwa makala, hiyo ni rent.

Jupiter-12 nayo ina mambo yake. Asili yake ni Biogon, lenzi iliyobuniwa na Ludwig Bertele wa Zeiss kule Ujerumani miaka ya 1930. Vita vilipoisha Wasovieti walibeba mitambo ya Zeiss kama fidia, wakaendelea kuitengeneza kwa jina lao. Kwa hivyo macho yake ni ya rika moja na picha za Barnes, na nakubali hiyo ni sababu ya kimapenzi tu, haitoshi kutoa pesa.

Sababu ya maana iko kwenye mteremko. Lenzi ya 50 inaona nyuzi 46 hivi, ya 35 inaona kama 63. Mjini ukitaka kuingiza vitu vingi unarudi nyuma hatua tano. Mbooni utarudi wapi? Umesimama juu ya tuta la fanya juu, na nyuma yako ardhi imeshuka hadi shamba la chini. Fanya juu, kwa wale hawajawahi kushika jembe: unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu, na misimu ya mvua inamalizia kusawazisha. Jina hilo la Kiswahili limeingia hivyohivyo kwenye vitabu vya Kiingereza vya kilimo, na hatujajisifu vya kutosha. Wakati wa mkoloni watu walichimba matuta kwa lazima na kwa chuki. Baada ya Uhuru wakarudi kuyachimba wenyewe kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo wengi wao ni akina mama. Nikisimama pale na 50, napata mama na jembe. Na 35 napata mama, jembe, mtaro na wenzake walio tuta la chini. Mwethya ukiutoa kwenye picha, unabaki na mtu mmoja aliyechoka.

Kitui ni hesabu nyingine. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Ludwig Krapf, mgeni wa mfanyabiashara Kivoi, aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Kule London, mtaalamu wa ramani Desborough Cooley hakuamini habari hizi za theluji kwenye ikweta. Nikitaka kupiga alichoona Krapf, lenzi pana ni adui. Mlima uko zaidi ya kilomita 100, na 35 itaufanya punje ya wimbi. Hapo hata 50 ni ndogo.

Muuzaji tulikutana Muindi Mbingu Street, karibu na City Market, na jina la hiyo barabara likanikalia kichwani. Serikali ilikuwa imeamua kwamba shida ya Ukambani ni ng'ombe wengi. Mwaka 1938 ikakamata mifugo na kuipiga mnada kwa nguvu. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kumtafuta gavana, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa. Yeye akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango wa kulazimisha watu kupunguza ng'ombe ukalegezwa. Kwenye picha ya kilima kilichochubuka huoni Mua Hills zilizopewa masetla, wala malisho ya Yatta ambayo Wakamba walifungiwa. Hata Barnes angekuwa na nyuzi 63 asingeyaingiza; yako nyuma ya milima mingine. Hayo yataandikwa chini ya picha, kwa maneno, na kazi hiyo haihitaji lenzi.

Kwa hivyo naichukua kwa ajili ya Mbooni tu. Nimeikagua kwa tochi: ukungu hakuna, mafuta kwenye bapa za tundu kidogo. Kioo cha nyuma ndicho cha kuogopa, kinaingia ndani sana ya kamera na kikikwaruzwa ndio basi. Pia dirisha la Zorki linaonyesha eneo la 50 peke yake, kwa hivyo nahitaji kingine cha kubandika juu. Jamaa ameshuka hadi 16,000. Hilo dirisha anataka liuzwe kando, nami nataka liwe ndani ya bei. Bado tunavutana.