Wodi Hujengwa kwa Ajili ya Nani? Mafunzo ya Jinja na Mbale

Mnamo 1859 Florence Nightingale alichapisha kitabu kuhusu hospitali, akihimiza wodi ndefu zenye madirisha pande mbili ili hewa ipite. Mtindo huo ulienea katika makoloni ya Uingereza, Uganda ikiwemo. Hewa ilikumbukwa, jamaa wakasahauliwa. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake: mama, shangazi au dada hufuatana naye, humpikia, humfulia, na usiku hulala sakafuni kando ya kitanda.

Tazama Jinja. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mjini hapo, na umeme wa Mto Nile ukaanza kusafirishwa mbali. Hata hivyo, umeme ukikatika wodini, mashine ya oksijeni huzimika, na muuguzi humwacha mtoto akatafute mtungi. Ndipo watafiti wakafunga paneli za sola na betri katika hospitali ya rufaa ya Jinja. Utafiti uliochapishwa 2018, uliohusisha watoto 130 wa Jinja na Kambuga, ulionyesha kwamba oksijeni ya jua haikuwa duni kuliko ile ya mitungi. Jua likifanya kazi yake, muuguzi hubaki na mtoto.

Sasa twende Mbale. Katika hospitali ya watoto ya CURE, Dakta Benjamin Warf alitibu watoto waliojaa maji kichwani. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kupandikiza mrija. Lakini mrija ukiziba, mama aishiye mbali angefikaje kwa wakati? Kwa hiyo aliendeleza upasuaji usiohitaji mrija, akatoa taarifa yake mwaka 2005. Alianza na safari ya mama, kisha akachagua tiba.

Mifano hii miwili ina fundisho moja: huduma hufaa inapopangwa kwa kuwatazama wanaoitumia na wanaoitoa. Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki hiyo haiishii langoni mwa hospitali. Ni ya mgonjwa, ya mama aliyelala sakafuni, na ya muuguzi wa zamu ya usiku.

Basi, wilaya yako ikitangaza wodi mpya, usiulize idadi ya vitanda tu. Uliza pia: jamaa watapikia wapi? Muuguzi atapumzika wapi? Umeme ukikatika, nani atapumua? Maswali hayo ni rahisi kuyajibu kabla ya msingi kuchimbwa. Baada ya hapo huwa ni majuto.