Zana nafuu kwa mfasiri anayeanza kazi ya kujitegemea

UFASIRI ni miongoni mwa kazi ambazo mhitimu wa Kiswahili anaweza kuzianza nyumbani bila mtaji mkubwa. Hata hivyo, wapo wanaomaliza akiba yao kwa kununua vifaa vya bei ghali, kisha wanapata hasara kwa kukosa vile visivyogharimu hata senti moja: makubaliano ya maandishi, ankara na kumbukumbu za malipo.

Tarakilishi

Kipakatalishi kilichokwisha kutumika, kama vile vinavyouzwa katika maduka ya katikati mwa jiji la Nairobi, kinatosha kwa kazi ya matini. Kabla ya kulipa, mnunuzi akiwashe bila waya wa umeme ili kupima betri, na ajaribu kila kibonye. Adai risiti yenye nambari ya mashine, asije akajikuta na mali ya wizi.

Programu

Hakuna haja ya kununua programu ya kuandikia. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice.org mnamo 2010, hutolewa bure na hufungua faili za Microsoft Word. Kasoro yake ni kwamba mpangilio wa majedwali huweza kuvurugika, hivyo faili ikaguliwe upya kabla ya kutumwa kwa mteja.

Chombo cha pili ni OmegaT, ambayo pia ni ya bure. Programu hii huhifadhi kila sentensi pamoja na tafsiri yake. Sentensi inayofanana na hiyo inapojitokeza tena, hata baada ya miezi kadhaa, mfasiri huonyeshwa namna alivyoitafsiri awali. Manufaa yake huonekana zaidi katika mikataba, ripoti na miongozo ya kilimo au afya, ambamo istilahi ile ile hurudiwa mara nyingi na haifai kubadilika kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

Mitambo ya kutafsiri ya mtandaoni nayo haina budi kutumiwa kwa hadhari. Nyaraka za siri za mteja zisiwekwe humo bila idhini yake.

Kuhusu marejeo, Kamusi Kuu ya Kiswahili iliyotolewa na BAKITA mnamo 2015 ni ya kutegemewa. Asiyeweza kuinunua aiulizie katika maktaba ya umma iliyo karibu naye. Nakala za kazi zihifadhiwe mahali pawili. Akaunti ya Google, kwa mfano, hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo.

Makubaliano

Barua pepe moja iliyojibiwa na mteja yaweza kumwokoa mfasiri. Itaje kazi yenyewe, bei, tarehe ya kuiwasilisha, tarehe ya malipo na mwenye hakimiliki. Bei ikiwa ni ya kila neno, iamuliwe mapema iwapo yatahesabiwa maneno ya matini asilia au ya tafsiri. Sentensi ya Kiingereza yenye maneno manne huweza kuwa neno moja tu la Kiswahili, kama vile "nitakuambia".

Suala la hakimiliki nalo si dogo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki katika kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo.

Ankara na malipo

Tangu Januari 2024, mfanyabiashara nchini Kenya hutakiwa kuwa na ankara ya kielektroniki ili gharama aliyotumia itambuliwe anapokadiriwa kodi. Ndiyo maana kampuni nyingi humtaka mfasiri atoe ankara ya eTIMS. Mfumo huo wa mamlaka ya ushuru, KRA, hautozwi ada, na mtu anahitaji kuwa na nambari ya PIN ili kujisajili.

Fedha zikipitia M-Pesa, ni vyema kutumia Pochi la Biashara ili mapato yasichanganyike na pesa za matumizi ya nyumbani. Mteja akikata kodi kutoka kwa malipo hayo, mfasiri adai cheti, kwani kiasi hicho huhesabiwa anapojaza ritani ya mwaka, ambayo mwisho wake ni Juni 30 ya mwaka unaofuata.

Mteja akikataa kulipa

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mnamo Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya huduma zilizotolewa. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Atakayefika huko bila maandishi atakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha deni lake. Kwa hivyo, kila kazi ifunguliwe jalada lake, lenye barua ya makubaliano, tafsiri iliyowasilishwa, ankara na ujumbe wa malipo, kuanzia mteja wa kwanza.