Asili ya Neno "Divai"

Mara nyingi tumewasikia walimu wenzetu wakifundisha kwamba divai ni neno la Kanisa, na mvinyo ni neno la walevi. Kwa matumizi wana haki kiasi: katika Biblia ya Union ya mwaka 1952 kinywaji cha arusi ya Kana ni divai, na vinywani mwa wengi mvinyo umekuwa jina la kileo chochote kikali. Lakini kwa asili ni ndugu. Mvinyo watoka kwa Wareno, wasemao vinho. Divai yatoka kwa Wafaransa, wasemao vin. Na yote mawili ni vinum ya Kilatini.

Basi silabi ile di yatoka wapi? Mfaransa aombapo kinywaji hicho hasemi vin tu, husema du vin, yaani kiasi chake. Msikiaji mgeni hakujua pa kukata, akameza yote pamoja. Na u ya Kifaransa, tusiyo nayo, ikawa i. Tusimcheke, maana sisi wenyewe tuliimeza al ya Waarabu katika alasiri, alfajiri na Alhamisi.

Tena si Waswahili peke yao. Watu wa Bukini, yaani Madagaska, husema divay. Chai nayo huiita dite, kwa Kifaransa du thé. Katika Krioli ya Mauritius ni diven na dite. Kwa kuwa umbo hili limeenea visiwani hivyo, sisi twaona kwamba lilitufikia kwa njia ya bahari, katika Kifaransa cha mabaharia na watumishi, wala si katika vitabu.

Na bahari hiyo haikuchukua mapadre tu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Mapadre wa kwanza kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Fava, walifika Unguja mwaka 1860, miaka 84 baadaye. Na mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi Bagamoyo, wakawakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo hatuwezi kukubali kwamba ni lazima neno hili liwe limezaliwa altareni. Lugha ya Wafaransa ilikwisha kusikika Kilwa, penye bei ya watu, kabla haijasikika katika Misa ya Bagamoyo.