Sentensi moja ya Peggy Lee

Kwetu Salamabila, ukimwambia mzee neno "jazz", anakutajia African Jazz ya Kabasele, ile ya 1953, ao OK Jazz ya Franco, ya 1956. Kwake jazz ni orkestra: gitaa, ngoma, na watu wanaocheza mpaka asubuhi. Neno lilitufikia hivyo, na Tanzania pia walikuwa na Morogoro Jazz na Western Jazz. Lakini leo, wandugu, ninataka tuongee juu ya jazz ya Marekani kwenyewe, na juu ya mama mmoja aliyeiimba, kisha akaazimisha sauti yake kwa mbwa na paka wa katuni.

Jina lake la kuzaliwa ni Norma Egstrom, alizaliwa 1920 kule North Dakota, mbali kabisa na miji ya muziki. Watu walimjua kama Peggy Lee. Mwaka 1941 aliingia katika orkestra ya Benny Goodman, na mwaka 1958 akatoa "Fever", ambayo hata wewe umeshaisikia bila kujua ni ya nani. Hakuwa anapiga kelele. Aliimba polepole, karibu na mikro, sawa mtu anayekuambia siri.

Katikati ya miaka hiyo Walt Disney alimuita kwa filamu "Lady and the Tramp", iliyotoka 1955. Peggy Lee alitunga nyimbo zake pamoja na Sonny Burke, halafu akatoa sauti nne: mama mwenye nyumba, paka wawili Si na Am, na mbwa jike aliyekuwa anaitwa Mamie. Lakini Mamie lilikuwa pia jina la bibi ya Rais Eisenhower, basi mbwa akabatizwa upya: Peg, jina la mwimbaji mwenyewe. Inasemwa tena kwamba ni yeye aliyemsihi Disney asimuue yule mbwa mzee, Trusty, juu watoto wangelia sana.

Kwa kazi ya sauti alilipwa dola 3,500. Basi, imekwisha. Wakati ule hakuna aliyeona ni kidogo.

Lakini katika kontra ya 1952 kulikuwa sentensi moja ndogo. Ilisema kwamba Disney haina ruhusa ya kutengeneza sahani za muziki wala "transcriptions" za kuuzia watu. Juu ya nini? Peggy Lee alikuwa anarekodi na Decca, na sahani ndizo zilizomlisha. Alikuwa anachunga chakula chake cha siku ile. Kaseti za video hazikuwa hata katika ndoto ya mtu.

Hapo ndipo historia hii inatugusa sisi. Huku Kasongo na Kabambare, vijana wengi wenye diploma wanaitwa kusoma matangazo ya redio: chanjo, uchaguzi, amani. Wanapewa pesa ya transport, wanasaini karatasi wakiwa wamesimama, na sauti inakwenda. Wengi hawajui kwamba inchi yetu iko na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, Ordonnance-loi 86-033, inayolinda haki za watunzi na pia haki za wanaoimba na kuigiza. Tulimaliza inivesite, lakini hiyo hatukufundishwa!

Turudie Amerika. Mwaka 1987 Disney ilitoa filamu ile katika kaseti, na ikauza mamilioni. Peggy Lee alikumbuka sentensi yake. Mwaka 1988 akaenda tribinali. Maavoka wa Disney walibisha kwamba neno lile lilihusu sauti peke yake, na kwamba kaseti ni njia nyingine tu ya kuonyesha filamu. Mimi naona hoja yao haikuwa ya kijinga. Mwaka 1952 nani alifikiria televizyo inayocheza filamu uliyonunua sokoni? Lakini kitu kinachonakiliwa na kuuziwa watu ni kitu kinachonakiliwa na kuuziwa watu. Mwaka 1991, yeye akiwa na miaka 70, tribinali ilimpa haki, na mwishowe alihesabiwa dola milioni 2.3. Mwaka uliofuata rufaa ya Disney ikaanguka.

Wengine walisema ni mama mzee anayetafuta makuta. Sikubali. Kampuni ndiyo iliyoandika kontra ile pamoja naye, na kampuni ndiyo iliyoisahau.

Alikufa Januari 2002. Mwaka 2019 Disney ilifanya filamu upya: wimbo wa paka wawili uliondolewa, juu ulikuwa unachekelea watu wa Asia, na hapo Peggy Lee hana utetezi. Lakini mbwa Peg alibaki na jina lake, safari hii kwa sauti ya Janelle Monáe. Kontra yake ningependa sana kuisoma.