Taa za Lweba na kamba ya nyuzi tatu

Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa ndagala, samaki wadogo, hutanda Ziwa Tanganyika mbele ya Lweba, katika Fizi, upande wa Kongo. Zamani ulikuwa moto wa kuni ndani ya mtumbwi, na samaki walichotwa kwa wavu wa lusenga. Baadaye zikaja taa za mafuta za kupampu. Nani aliyaleta mabadiliko hayo?

Mwaka 1946 na 1947 wataalamu wa Ubelgiji, akiwamo Max Poll, walizunguka Tanganyika wakikusanya samaki na kupima kina, hadi mita 1,470. Mwaka huo wa 1947 ikaundwa taasisi ya utafiti ya IRSAC, nayo Uvira ikapata kituo cha kuchunguza ziwa. Miaka ya 1950 wafanyabiashara Wagiriki walileta Usumbura, katika Burundi ya leo, meli zenye nyavu za kuzungushia. Kisha, mwaka 1957, ukaanza kaskazini mwa ziwa mtindo wa mitumbwi iliyofungwa pamoja: wavu huteremshwa chini ya taa na kunyanyuliwa umejaa. Meli za Burundi zilihama miaka ya 1990, samaki walipopungua. Mitumbwi ikabaki.

Swali la nani huleta mabadiliko lina jibu la kitaalamu pia: miaka hiyohiyo ya 1990 watafiti Henry Etzkowitz na Loet Leydesdorff walieleza ubunifu kama kamba ya nyuzi tatu: chuo, kiwanda na serikali. Mwaka 2003 Leydesdorff akatoa kipimo cha kamba hiyo, akitumia hesabu za mwanahisabati Claude Shannon za mwaka 1948. Huhesabiwa makala za kisayansi zenye anwani za pande hizo tatu, kuona kama kuujua uzi mmoja kunapunguza kubahatisha juu ya nyingine. Ni hesabu nzuri. Lakini mvuvi wa Lweba haandiki makala. Kwa kipimo hicho wavu wake ni sifuri, ingawa ndio unaolisha soko la Baraka.

Mwaka huohuo wa 2003 nchi nne za ziwa, Kongo ikiwamo, zilitia saini mkataba wa kulitunza, na Catherine O'Reilly na wenzake wakaonyesha katika jarida la Nature kwamba ongezeko la joto linapunguza chakula cha samaki. Utafiti ulikuwapo, sheria ilikuwapo. Wakati huo watu wengi wa Fizi walikuwa wakimbizi Tanzania, baadhi yao kambini Nyarugusu. Walianza kurudi kwa meli kutoka Kigoma mwaka 2005, wakashukia Baraka, wakaingia tena kwenye mitumbwi. Hayo yaliyoandikwa juu ya maji yao, je, kuna aliyewasomea?